Kabla Mpira Haujarushwa Juu

Kila msimu ukikaribia, swali ni lile lile: wasichana wa chuo watafika wapi mwaka huu? Na majibu ni yale yale. Mmoja atakwambia wamepata mrefu mpya wa kusimama chini ya kikapu. Mwingine atasema kocha amebadilishwa. Wa tatu, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani hata siku moja, atasema wakipata doo ya nauli wataenda mbali. Wote wana pointi. Lakini mimi nikiulizwa swali hilo hapa Isiolo, huwa naanza na benchi. Nahesabu waliokaa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Sheria za FIBA, shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, zinaruhusu timu kuandikisha wachezaji 12 kwa mechi. Watano wanaingia. Mechi ni robo nne za dakika 10. Ukifikisha makosa matano unatoka na hurudi tena. Sasa chukua timu iliyokuja na wachezaji saba. Robo ya tatu ikifika, wote wamechoka na wawili wana makosa manne kila mmoja. Kocha hawezi kuwaambia wakabe uwanja mzima, manake kukaba hivyo kunakula pumzi na kunaleta makosa. Anawarudisha nyuma, wanacheza polepole, anamwomba Mungu. Upande wa pili kuna timu ya watu 12 inayobadilisha damu kila dakika tatu. Hiyo mechi imeisha, hata kama yule mrefu mpya ana futi sita na nusu.

Kabla sijaacha chuo, kuna timu ya wasichana niliyokuwa naitazama jioni. Siku nzuri walikuwa saba. Siku mbaya, watano. Na pembeni ya uwanja walisimama wengine kama kumi, mabegi mgongoni, macho kwenye mpira. Ungewaona baadhi yao mikono inaiga pasi. Nilikuwa najiuliza kwa nini hawaingii. Wengine walikuwa na nguo zisizoruhusu, wengine na saa isiyoruhusu, wengine na baba asiyeruhusu. Nilidhani hayo ni mambo ya kwetu huku. Baadaye nilipoanza kusoma historia ya mchezo huu nikakuta swali la nani aingie uwanjani, akiwa amevaa nini na akitazamwa na nani, lina zaidi ya miaka 130, na halikuanzia Isiolo.

*

Lilianzia Marekani. Desemba 1891, mwalimu James Naismith alipigilia vikapu viwili vya matunda kwenye ukumbi wa mazoezi wa chuo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts. Nje kulikuwa na baridi na vijana wake walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo ya kila siku. Akawaandikia sheria 13. Hakuna hata moja iliyosema mchezo ni wa wanaume peke yao. Muda mfupi baadaye walimu wa kike wa shule ya jirani, waliovutwa na kelele za ukumbini, waliomba kucheza. Naismith akakubali.

Kilomita kama 30 kutoka hapo kulikuwa na Smith, chuo cha wasichana watupu. Mwalimu wao wa mazoezi alikuwa Senda Berenson, mhamiaji aliyezaliwa Lithuania. Alisoma habari za mchezo huo mpya, akaupenda. Machi 1893 akawapanga wasichana wa mwaka wa kwanza dhidi ya wale wa mwaka wa pili. Wanaume walikatazwa kuingia. Mpira uliporushwa juu kuanza mechi, mchezaji mmoja wa mwaka wa kwanza akateguka bega hapo hapo. Akatolewa, na mechi ikaendelea.

Lakini Berenson alikuwa na kazi ngumu zaidi ya mabega. Watu wazima wa enzi zile waliamini mwili wa msichana hauwezi kuhimili mbio, na kwamba akizoea kusukumana atapoteza haya. Ili mchezo uruhusiwe, akaupunguza. Aliugawa uwanja vipande vitatu, na kila mchezaji akabaki kwenye kipande chake bila kuvuka mstari. Kumnyang'anya mwenzako mpira kukawa kosa. Kuudunda zaidi ya mara tatu kukawa kosa. Kwa maneno mengine, msichana aliruhusiwa kucheza mpira wa kikapu kwa masharti ya kutoucheza wote.

Aprili 1896, wasichana wa Chuo Kikuu cha Stanford walikutana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya wanawake kati ya vyuo viwili. Stanford walishinda 2 kwa 1. Ndio, umesoma sawa: mabao mawili kwa moja. Waliotazama ni wanawake tu, huku baadhi ya wanaume wakipanda juu ya paa na kuchungulia madirishani. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1899, Stanford hao hao wakapiga marufuku timu za wasichana wao kushindana na vyuo vingine.

Ukiyasoma hayo ukiwa Bula Pesa au Kulamawe, unacheka kidogo. Manake mzee wetu anayesema binti yake hawezi kuruka mbele ya wanaume angekaa kikao kimoja na walimu wa Massachusetts wa 1893 na wangeelewana bila mkalimani. Huwa tunaambiwa kwamba kaskazini imechelewa, ati dini na mila zetu ndizo zinazotuweka nyuma. Lakini hofu ile ile ilikaa kwenye vyuo vya Wazungu, ikavaa koti la daktari na la mwalimu mkuu, na ikadumu. Wanawake wa vyuo vya Marekani walianza rasmi kucheza watano kwa watano, uwanja mzima, mwaka 1971. Jimbo la Iowa liliendelea kuwagawia wasichana wa sekondari nusu uwanja mpaka 1993. Sheria yao ya 1972, iitwayo Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu inayopata fedha za serikali kuu, ndiyo iliyovilazimisha vyuo kutenga pesa na nafasi kwa michezo ya wasichana.

Mstari wa Berenson ulichorwa ili kumwingiza msichana uwanjani, na ulimwingiza kweli. Shida ni kwamba aliyeuchora alishafariki na mstari ukabaki.

*

Springfield, mji ule ule wa vikapu vya matunda, ndiko alikokulia Bilqis Abdul-Qaadir. Ni mfupi, ni mwepesi, na alifunga pointi 3,070 akiwa sekondari, rekodi ya jimbo zima la Massachusetts wakati huo kwa wavulana na wasichana. Akaingia Chuo Kikuu cha Memphis, akacheza akiwa amevaa hijabu, mikono na miguu imefunikwa. Anatajwa kuwa wa kwanza kufanya hivyo kwenye daraja la juu la michezo ya vyuo nchini humo. Akamalizia Indiana State mwaka 2014. Hatua iliyofuata ilikuwa kwenda kucheza kwa malipo Ulaya.

Hapo ndipo akakutana na kitabu. Sheria za FIBA zilikataza vitu vya kuvaliwa kichwani, kwa hoja ya usalama. Hazikuitaja hijabu kwa jina, lakini matokeo yalikuwa yale yale. Septemba mwaka huo huo, timu ya wanawake ya Qatar ilifika kwenye Michezo ya Asia mjini Incheon, Korea Kusini, ikaambiwa ivue hijabu ndiyo icheze dhidi ya Mongolia. Wakakataa, mechi ikahesabiwa wameshindwa, na hawakucheza tena mashindano hayo. Walisafiri safari yote ile na hawakupewa hata ule mpira wa kurushwa juu.

Wachezaji wenyewe ndio waliosukuma jambo hili. Bilqis alipaza sauti. Asma Elbadawi, mshairi na mchezaji mzaliwa wa Sudan aliyekulia Bradford, Uingereza, alianzisha ombi la mtandaoni likapata sahihi zaidi ya laki moja. Minneapolis, mji wenye Wasomali wengi kuliko mwingine wowote Marekani, wasichana wa timu moja ya mtaani waliokuwa wakijikwaa kwenye sketi ndefu walikaa na Chuo Kikuu cha Minnesota wakabuni jezi zao wenyewe mwaka 2015: hijabu isiyopepea, vazi linalofika magotini, suruali ya kubana chini yake. Mei 2017 FIBA ikabadilisha sheria, ikaanza kutumika Oktoba 1 mwaka huo. Kichwa kinaweza kufunikwa, mradi uso ubaki wazi, vazi lisiwe hatari kwa mtu, na kwa sheria hiyo ya 2017 rangi ilitakiwa iwe nyeusi, nyeupe, au ile kuu ya jezi.

Bilqis hakufika kwenye timu ile ya Ulaya. Mlango ulifunguliwa baada ya miaka yake mizuri kupita, wakaingia wengine.

*

Sasa rudi nyumbani. Mwaka ule ule wa 2014, hapa hapa Isiolo, kulizuka kesi kuhusu kitambaa hicho hicho. Shule ni St. Paul's Kiwanjani, ya kutwa, ya mseto, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Ombi lilikuwa wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare ya shule. Kanisa likaenda Mahakama Kuu ya Meru. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: sare ina maana kila mtu awe sawa, na kumruhusu mmoja ni kumbagua mwingine. Machi 2015 kanisa likashinda. Mzazi mmoja akakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ya Nyeri ikageuza uamuzi, ikasema kanuni inayoonekana sawa kwa wote inaweza kuwaumiza baadhi zaidi ya wengine. Kanisa likapanda mpaka Mahakama ya Juu. Januari 2019 majaji wengi wakaufuta uamuzi wa Nyeri, wakieleza kwamba dai la mzazi halikuletwa kortini kwa njia inayofaa, na mwenye hoja aanze upya.

Najua, hiyo ni kesi ya sare ya darasani. Haina hata neno moja kuhusu mpira wa kikapu. Lakini fanya hesabu ya msichana mmoja. Aliyeingia kidato cha kwanza Isiolo mwaka 2014 alimaliza 2017 na, kama alipita, akaingia chuo kikuu 2018. Katika miaka yake minne ya sekondari mahakama zilimpa majibu mawili yanayopingana, na la tatu likamkuta tayari yuko chuoni. Kitabu cha dunia cha mpira wa kikapu kilimkataza kufunika kichwa karibu muda wote huo, kikamruhusu wiki chache kabla ya KCSE. Huyo ndiye kocha wa chuo anamwona kwenye usajili, mrefu, mkono mzuri, halafu anamuuliza kwa nini hajawahi kucheza.

Na hiyo ni habari ya nguo tu. Uwanja nao una historia yake. Wakati wa mkoloni, sehemu hii ilikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipofika 1963, huku kukaja vita vya shifta, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka 1991. Katikati ya hayo, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulisema fedha za maendeleo ziende kule zitakakozaa haraka zaidi: penye mvua, reli na watu wengi. Huku hatukuwa kwenye orodha. Barabara ya lami mpaka Moyale imekamilika juzi juzi, kwenye miaka ya 2010.

Mpira wa miguu unaweza kuuchezea vumbini, mawe mawili yakawa goli. Mpira wa kikapu unataka sakafu ngumu, mita 28 kwa 15, na chuma mbili zilizosimama sawasawa, kila moja mita 3.05 juu. Bila saruji mpira haudundi. Ukiona mkoa hautoi wachezaji wa kikapu, kabla hujauliza mila yao, uliza saruji ilimwagwa wapi.

Hata hivyo mambo yamewahi kusogezwa kwa vitu vichache. Marsabit, juu yetu kwenye barabara hiyo hiyo, mwanasheria Fatuma Abdulkadir Adan na shirika lake la HODI walitumia mpira wa miguu kuwakutanisha vijana wa jamii zilizokuwa zikipigana, kisha wakawaingiza wasichana. Walicheza wamejifunika na walizungumza hadharani juu ya ukeketaji na ndoa za mapema, mambo ambayo msichana alitarajiwa kuyanyamazia. Hakuna aliyewangoja wazee wote wakubali kwanza. Walitafuta vazi, saa na uwanja ambao wazazi wangeweza kuukubali leo, wakaanza.

*

Na sio kwamba Kenya haina pa kuwapeleka wasichana hawa. Timu ya taifa ya wanawake ilimaliza ya pili Afrika mwaka 1993 kule Dakar, nyuma ya Senegal, ikaenda Kombe la Dunia Australia mwaka 1994. Ilishika mkia kati ya timu 16, sawa, lakini ilikuwepo. Mwaka 2021 ilishinda mchujo wa ukanda wetu mjini Kigali na kurudi kwenye mashindano ya Afrika. Kwenye ligi kuu ya wanawake ya hapa nchini, timu za waajiri kama KPA ya Mombasa na Equity hukutana na timu za vyuo kama Strathmore, Zetech na Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni mechi za watu wazima wenye mishahara dhidi ya wanafunzi wenye mtihani Jumatatu, na wanafunzi hawaogopi.

Mwangalie Madina Okot. Alikuwa akichezea Chuo Kikuu cha Zetech hapa Kenya. Mwaka 2024 akaonekana na jezi ya Mississippi State. Mwaka 2025 akahamia South Carolina, timu ya kocha Dawn Staley iliyochukua ubingwa wa vyuo wa Marekani 2017, 2022 na 2024. Ana urefu wa karibu mita mbili, kitu ambacho hakuna kocha anayeweza kukufundisha. Ila urefu huo ungebaki pembeni ya uwanja, begi mgongoni, kama pasingekuwa na timu ya chuo ya kumfungulia mlango wa kwanza. Kati ya Wajir, Marsabit, Garissa na Isiolo, kaunti ambazo watu wake wanasifika kwa urefu, tunao wangapi waliobaki pembeni? Hakuna aliyewahesabu, kwa sababu anayehesabiwa ni aliyeandikishwa.

Ndio maana kwa timu ya chuo historia hii inauma zaidi. Klabu ya benki inaweza kununua mchezaji. Chuo hakiwezi. Chuo kinapoteza wazuri wake kila mwaka kwenye mahafali na kuwapata wapya kila Agosti na Septemba, kutoka kwa walichofanya walimu wa sekondari miaka minne nyuma. Msimu ujao wa timu ya chuo umeshaanza zamani, kwenye shule fulani ya kutwa, siku msichana fulani wa kidato cha pili alipoambiwa aingie au akae.

Kwa hivyo ukiniuliza matarajio ya msimu ujao, jibu langu lina maswali manne, na hakuna hata moja linalohusu urefu.

La kwanza: mazoezi ni saa ngapi? Yakianza saa kumi na moja na nusu na kuisha baada ya magharibi, umeshawapoteza wanaosali, wanaopanda matatu ya mwisho, na wale ambao nyumbani giza ni mwiko. Saa kumi kamili inaongeza watu benchi bila kutumia shilingi.

La pili: jezi za nani? Ukiagiza seti moja ya kaptura na mikono wazi, umeshachagua timu kabla ya kocha. Agiza za aina mbili kwa rangi moja. Anayetaka kujifunika ajifunike, asiyetaka asilazimishwe, wote wakabe.

La tatu: nani ameenda kuongea na wazazi? Mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni anataka kujua nani anawasindikiza wasichana wakienda Nairobi, kilomita karibu 285, na watalala wapi. Hayo ni maswali ya mtu mwenye akili. Akijibiwa vizuri, mara nyingi anaruhusu.

La nne: kitabu kiko kwa nani? Bado unaweza kukutana na refa kwenye mechi ndogo anayemwambia msichana avue, kwa sheria ambayo haipo tangu Oktoba 2017. Nahodha awe na ukurasa huo kwenye simu. Asigombane, asitukane. Amwonyeshe: kichwa kinaweza kufunikwa, mradi uso ubaki wazi. Kisha achukue nafasi yake kwenye duara la kati, mpira urushwe.